Laza Mstari, Amsha Mstari: Maneno ya Kutunza Mipangilio ya Kompyuta

Mwaka 2017 Watanzania walijifunza neno moja kwa mkupuo: makinikia. Serikali ilizuia mchanga wa madini kusafirishwa nje ya nchi, makontena 277 yakakwama katika bandari ya Dar es Salaam, na mzigo uliobishaniwa ulikuwa wa huku kwetu, kutoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi. Kabla ya hapo lilikuwa neno la wataalamu. Baada ya wiki chache lilikuwa midomoni mwa mama lishe wa Bugarama na abiria wa daladala za Mbagala. Litazame umbo lake: linakaa jirani na kitenzi makinika, yaani kutulia na kukusanya akili mahali pamoja. Madini yaliyokusanywa pamoja kutoka mwamba mkubwa yamepata jina linaloyafaa.

Ukanda wetu wa dhahabu ni shule ya istilahi. Mchimbaji mdogo hushuka duarani, na duara ni neno la umbo lililopewa kazi ya shimo. Mawe hupelekwa kwenye karasha, neno la kukopa lililovalishwa irabu na kuingizwa katika ngeli hadi tukapata makarasha. Mchanga uliokwisha kupita mwaloni ukichakatwa tena huitwa marudio, jina lililochipuka katika kitenzi rudi bila kikao cha mtu yeyote. Kupanua maana, kukopa, kunyambua, kubuni: njia hizo zote ziko kazini kila siku kati ya Kakola na Bugarama.

Naomba tuipeleke shule hiyo kwenye kazi nyingine inayokua mitaani kwetu: kutunza na kusasisha mafaili yanayoiongoza kompyuta yenye mfumo endeshi huria. Anayeifanya kazi hiyo anaijua. Anachokosa ni maneno yaliyonyooka. Hoja yangu ni moja. Ndani ya mafaili hayo wameandika watu wawili, mwenye mashine na mtengenezaji wa programu, na istilahi nzuri ni ile inayotuonyesha mkono wa nani umepita wapi.

Tuanze na jina la mfumo wenyewe. Wapo wasemao mfumo wa uendeshaji na wapo wasemao mfumo endeshi. La kwanza linafaa barua ya ofisini, la pili linafaa kazi. Mzizi wa mfumo ni fuma, kusuka uzi kwa uzi, na hakuna mzizi unaofaa zaidi kwa kitu ambacho ukivuta uzi mmoja mwingine unacheza. Endeshi limetokana na endesha, kufanya kitu kiende. Maneno mawili, yote ya Kibantu, yote mafupi. Nashika mfumo endeshi.

Huria lina safari ndefu zaidi. Limetoka Kiarabu pamoja na ndugu yake huru, lakini ndugu hawa wamelelewa nyumba tofauti. Huru ni la mtu aliyetoka utumwani na nchi iliyopata uhuru. Huria tulilizoea kwa soko huria, miaka ya mageuzi ya uchumi. Ndiyo maana baadhi ya watu wakisikia programu huria hufikiria bei. Kiini chake ni ruhusa: kuisoma, kuibadili na kumpa jirani. Chanzo huria linaisema ruhusa hiyo vizuri, kwa kuwa chanzo kwetu ni pale maji yanapoanzia, na ukiruhusiwa kufika chanzoni umeruhusiwa kujua unakunywa nini.

Mwaka 2004 ulikuwa mwaka mzuri kwa maneno haya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili, na kuonyesha kwamba menyu nzima inaweza kusemwa kwa lugha yetu. Mwaka huohuo ukazaliwa mfumo endeshi wa Ubuntu. Jina hilo la Kusini mwa Afrika halihitaji mkalimani kwetu: ubuntu na utu ni mzizi mmoja.

Faili limekwisha kuwa letu, na wingi wake mafaili hauna ubishi. Jalada lina heshima ya polisi na mahakama: jalada la kesi limefunguliwa, limepotea, limepatikana. Asili yake ya Kiarabu ni ngozi, kile kinachofunika. Basi jalada libaki kwa kinachofunika karatasi, na faili liwe jina la maandishi yenyewe yaliyomo kwenye kompyuta. Mahali yanapokaa mafaili pameitwa saraka, nami nalipokea neno hilo kwa mikono miwili.

Sasa tufike kwenye moyo wa kazi. Simu zimetufundisha mipangilio. Fuata mnyambuliko wake: panga, pangilia, mpangilio. Pangilia ni zaidi ya panga, ni kuweka kitu baada ya kingine kwa kufikiria. Kwa upande mwingine lipo usanidi, neno la wafasiri, kutoka sanidi. Watu wengi huyatumia kama kwamba ni neno moja, na hapo tunapoteza tofauti yenye faida. Napendekeza usanidi uwe tendo, kazi ya kuiandaa mashine mpaka ifanye itakiwavyo, na mipangilio iwe matokeo, yale maamuzi yaliyoandikwa. Faili linalotunza maamuzi hayo liitwe faili la mipangilio. Bibi aliyewahi kubadili mlio wa simu yake ataelewa bila kufafanuliwa.

Sakinisha ni kito. Sakini ni kukaa mahali, na ndilo jamaa la maskani. Kuisakinisha programu ni kuipa maskani ndani ya mashine. Lakini mafundi wa mitaani wana neno lao: kupiga windo. Piga ni kitenzi chetu cha kazi zote, tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, na windo limetokana na jina la mfumo endeshi wa kampuni ya Microsoft. Sililaumu neno, lina nguvu na lina watu. Naitazama tabia iliyomo ndani yake: kupiga windo ni kufuta na kuanza upya kila kitu kinapoleta shida. Aliyezoea kupiga windo hajawahi kuhitaji neno la kutunza mipangilio, kwa sababu mipangilio yake haiishi muda wa kutosha kutunzwa.

Kwa hiyo kutunza. Lina majirani wawili wa kutenganisha nalo. Ukarabati huja baada ya uharibifu. Matengenezo yanaweza kuja kabla au baada. Kutunza ni kazi ya kila siku ya kitu kisichoharibika bado: tunatunza mtoto, shamba, siri. Anayesimamia kifurushi cha programu na kukitolea matoleo mapya ni mtunza kifurushi, kama tusemavyo mtunza bustani na mtunza kumbukumbu. Tusiseme mtunzi. Mtunzi ametoka kwenye tunga, naye ndiye aliyeandika programu. Kwenye mfumo wa Debian mara nyingi hao ni watu wawili tofauti, na Kiswahili kinawatenga kwa irabu moja tu. Tuilinde irabu hiyo.

Katika mifumo ya jamii ya Unix mafaili ya mipangilio hukaa kwenye saraka iitwayo /etc. Jina hilo ni mkato wa maneno ya Kilatini yenye maana ya na kadhalika. Hapo zamani paliwekwa mabaki yasiyokuwa na mahali pengine, na leo panakaa maamuzi yote makubwa ya mashine. Tusijaribu kulitafsiri jina la saraka. Ni anwani, na anwani hubaki kama zilivyo, vinginevyo barua hazifiki. Kinachotupasa ni kueleza, na Kiswahili kinaeleza vizuri: kadhalika nalo ni la Kiarabu, maana yake vivyo hivyo. Lugha mbili kubwa za kale zimekutana ndani ya n.k. yetu.

Sasisha ni ushahidi kwamba Kiswahili hakijachoka. Chukua sasa, kielezi cha wakati, kipe kiambishi cha kufanyiza, umepata kitenzi: kifanye kitu kiwe cha sasa. Tatizo lake ni kupendwa mno, kila kitu siku hizi ni sasisha. Kwenye Debian na Ubuntu kuna amri mbili zinazofuatana. Ya kwanza, apt update, huleta orodha mpya ya matoleo yaliyopo bila kugusa programu hata moja. Ya pili, apt upgrade, huleta matoleo yenyewe. Mtu akiambiwa sasisha mara mbili, hajui lini mashine yake imebadilika.

Kwa amri ya pili wengine husema boresha. Neno hili tunalisikia kila msimu wa uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, na pale linafaa, kwa sababu daftari lenye taarifa sahihi ni bora kweli. Lakini boresha linatoa hukumu kabla ya ushahidi. Toleo jipya ni jipya, ubora wake mtumiaji ataupima mwenyewe. Napendekeza pandisha toleo. Mwalimu hupandishwa daraja, zahanati hupandishwa hadhi, nasi tumezoea kusikia hivyo. Basi tuseme: sasisha orodha, kisha pandisha matoleo. Kila amri imepata kitenzi chake.

Limebaki huisha, na hili lina siri. Asili yake iko kwenye hui, kurudi kwenye uhai, jamaa wa hai na uhai. Mchimbaji mdogo wa Bugarama analijua kwa vitendo: leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa kwa miaka 7, na muda ukikaribia kwisha inabidi ihuishwe. Kwenye kompyuta kuna vitu vya jinsi hiyo, vyenye siku ya kufa. Vyeti vya usalama vya tovuti vitolewavyo na Let's Encrypt vimezoeleka kudumu siku 90. Hivyo havisasishwi wala havipandishwi. Vinahuishwa, na neno hili lihifadhiwe kwa vitu vyenye ukomo peke yake.

Siri yenyewe ni hii. Andika herufi hizi: h, u, i, s, h, a. Ukizisoma kama amri, ni rudisha uhai. Ukizisoma kama kitenzi isha chenye hu- ya mazoea, ni kufika mwisho kwa kawaida. Leseni huisha, kwa hiyo huisha leseni. Herufi zilezile, maana zinazopingana, na kinachozitenga ni mpangilio wa sentensi tu. Kitufe chenye neno hilo pekee kinaweza kumwambia mtu mmoja kwamba cheti kitafufuliwa na mwingine kwamba kinakufa. Dawa iko ndani ya sarufi yetu: tuongeze kiambishi cha mtendwa. Kihuishe hakina njia mbili za kusomwa.

Mtumiaji asipoamua, programu huamua kwa niaba yake. Uamuzi huo umeitwa chaguo-msingi, na neno limeenea. Msingi limekaa vizuri. Chaguo ndilo linalonisumbua, kwani mwenye mashine hakuchagua, na ndiyo sababu hasa uamuzi huo umetumika. Nasema thamani ya kawaida. Kawaida kwa asili yake ya Kiarabu ni msingi na kanuni, kwa hiyo hatuupotezi msingi tulioupenda. Na mkono unaonekana: ya kawaida ni ya mtengenezaji, iliyoandikwa upya ni ya mwenye mashine.

Ndani ya faili la mipangilio kuna mistari inayomwambia msomaji jambo bila kuiamuru mashine. Mitandao ya kijamii imetuzoesha kuita kitu cha namna hiyo maoni. Hapa halifai. Aliyeandika kwamba mlango huu usifunguliwe bila kumwuliza msimamizi hakutoa maoni, ametoa dokezo. Watumishi wa halmashauri wanalijua dokezo sabili, karatasi inayotembea toka meza hadi meza ikibeba maelezo. Dokezo la faili hufanya kazi hiyohiyo kati ya fundi wa leo na fundi wa mwakani.

Alama inayotangulia dokezo mara nyingi ni ile yenye mistari miwili kwa miwili, #. Huku haihitaji kamati. Kila anayetuma pesa kwa simu anaimaliza namba kwa kutamka reli. Mtaa ulitazama mchoro, ukaona mataruma na vyuma, ukatoa jina. Fundi akimwambia mwenzake aweke reli mwanzoni mwa mstari, wote wawili wamefika.

Lakini reli ina kazi ya pili. Unaweza kuiweka mbele ya mstari wa amri ili mashine isiusome, ukaubakiza palepale kwa ajili ya siku nyingine. Kuficha halifai, maana mstari unaonekana. Kufuta ni uongo. Kuzima linakaribia, ila tunalihitaji kwa mashine nzima. Napendekeza laza. Mstari uliolazwa yupo mtu wa kuuamsha, na kinyume chake kinapatikana bila taabu: amsha. Ni vitenzi vifupi vya nyumbani ambavyo mtoto wa chekechea anavyo.

Nina mfano unaonigusa. Kwenye Debian kuna faili liitwalo /etc/locale.gen, lenye orodha ndefu ya lugha na nchi. Ndani yake umo mstari sw_TZ, Kiswahili cha Tanzania, na mwingine sw_KE, Kiswahili cha Kenya. Mistari hiyo huletwa ikiwa na reli mbele yake. Lugha yetu imo ndani ya mashine, imelazwa. Ondoa reli, hifadhi faili, endesha amri ya locale-gen, kisha uichague lugha hiyo kwenye mipangilio ya mfumo, na tarehe zako zitaanza kutaja Jumatatu na Januari. Huko ndiko kuamsha mstari, na sijui kitenzi kingine kinachoieleza kazi hiyo kwa uaminifu zaidi.

Kabla ya kugusa faili, fundi mwenye busara hulinakili. Nakala hiyo katika baadhi ya tafsiri inaitwa chelezo. Neno zuri, ila lina wenyewe. Chelezo ni kitu cha kuelea majini, kutoka elea, na kwa watu wa Kanda ya Ziwa chelezo ni mahali pa kuundia na kukarabatia meli kama pale Mwanza. Kuna pia kitenzi cheleza, cha ukoo mwingine kabisa, kutoka cha ya kumekucha: kukiacha kitu kilale hadi asubuhi. Hicho ndicho kinachofanana na kazi yetu. Basi kitenzi kiwe cheleza kwa wanaopenda kina, na jina liwe nakala ya akiba kwa watu wote. Akiba haiozi, na kila mwanachama wa kikoba anajua kwa nini inawekwa.

Sasa turudi kwenye hoja niliyoitaja mwanzoni, mkono wa nani umepita wapi. Unapandisha matoleo, mfumo unasimama. Mfumo umeona kwamba faili la mipangilio limebadilishwa hapo kwenye mashine, na kifurushi kipya nacho kimekuja na faili lake. Debian hutaka jibu la herufi moja: ulichukue la mtunza kifurushi, ubaki na lililopo, au kwanza uone tofauti. Usipochagua, lililopo hubaki. Ni adabu kubwa kwa mwenye mashine, na huelezwa kwa Kiingereza ambacho vijana wengi wa steshenari zetu hukipita kwa kubofya tu.

Tafsiri ya haraka ingekuwa lako au lake. Vimilikishi vyetu ni vitamu, lakini vinatofautiana kwa irabu moja, na usiku wa manane mbele ya kioo chenye vumbi irabu moja haitoshi kubeba mashine nzima. Tutumie virejeshi. Lililopo. Lililoletwa. Na baada ya kuamua, mfumo huweka pembeni faili lisilochaguliwa: la kwako likibaki, lile jipya hupewa mkia wa .dpkg-dist, na ukipokea jipya, la kwako hupewa .dpkg-old. Kwa hilo la zamani Kiswahili kinalo neno la tatu tayari: lililokuwepo. Nafasi, tendo na wakati vimo ndani ya neno moja, na hakuna anayeuliza mkono wa nani umepita wapi.

Kuna anayetaka yote mawili, maamuzi yake ya jana na nyongeza za leo. Kazi hiyo imeitwa unganisha, na mara nyingine changanya. Unganisha ni kufunga ncha kwa ncha, mafaili mawili hayataki hivyo. Changanya ni kupoteza mipaka. Liko patanisha: pata, patana, patanisha. Ndani ya patana mna kutendeana, kila upande unapata, na ndani ya patanisha mna mtu wa tatu anayekaa katikati na kusikiliza mstari kwa mstari. Mashine inaweza kuonyesha tofauti. Kupatanisha ni kazi ya mtu.

Basi hili ndilo swali kama ningependa mtunza mashine wa Bugarama alikute: Faili hili la mipangilio limebadilishwa tangu liliposakinishwa. Mtunza kifurushi ameleta jipya. Bakiza lililopo, pokea lililoletwa, au ona tofauti kwanza? Kawaida ni kubakiza lililopo.

Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) lipo tangu 1967, na vijitabu vyake vya Tafsiri Sanifu vimelisha ofisi zetu maneno mengi. Hatulazimiki, hata hivyo, kusubiri kikao. Programu huria nyingi huweka tafsiri zake katika mafaili ya maandishi matupu yenye kiishio cha .po: mstari mmoja wa lugha ya asili, na chini yake mstari wa lugha yako, mara nyingi ukiwa mtupu. Yeyote anaweza kuufungua, kuujaza na kuurudisha kwa wenye mradi. Mwenzangu mlinzi wa lugha, yachukue mapendekezo haya, yapinge yanayokukera, uyapime mbele ya mafundi wanaoyafanyia kazi, kisha ujaze mstari mmoja.